Kiingilio nililipa, simu ni yangu, kosa liko wapi?

SWALI: Mbukwa mzee wangu. Nina kibanda Majengo, naingiza nyimbo kwenye simu, flashi na memori kadi. Tangu mwaka jana naenda mwenyewe kwenye shoo za bendi na matamasha ya kwaya, narekodi shoo nzima kwa simu, wateja wananunua kwa shilingi 2,000. Juzi kijana wa bendi moja kaja kibandani kanitishia polisi. Mimi kiingilio nililipa, simu ni yangu, wala sijakopi CD ya mtu. Halafu marehemu baba ameniachia sanduku la kanda alizorekodi ukumbini miaka ya 80. Kuna jamaa wa Ulaya kanipata mtandaoni, anazitaka zote kwa dola 400. Nimuuzie? (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Mbukwa mdogo wangu, na Mungu amrehemu mzee. Najua macho yako yanakimbilia kwenye dola, kwa hiyo nikujibu hilo kabisa: usimuuzie, angalau si kwa namna anayotaka yeye. Kwa nini, tutafika. Tuanze kibandani.

Kabla sijaingia kwenye kushauri wasanii mambo ya haki zao nilikuwa fundi mitambo, na sina ubavu wa kukunyooshea kidole. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikaa nyuma ya miksa kwenye ukumbi mmoja hapahapa mjini, kila Ijumaa na Jumamosi. Jamaa mmoja mwenye duka la kanda akanizoea. Akaanza kuniletea soda, akaja na chipsi, mwisho akaja na waya. Upande mmoja niuchomeke kwenye tundu la kutolea sauti la miksa, wa pili kwenye redio kaseti yake, iliyofunikwa kanga chini ya meza. Elfu tano kwa usiku. Nikaona hela imejileta.

Usiku ule bendi ilikuwa inajaribu wimbo mpya. Ubeti wa tatu ulikuwa bado haujapatikana, mwimbaji akawa anajazia "mama eee, mama eee" pale penye pengo. Wiki tatu baadaye napanda basi la Kondoa, dereva anaupiga, "mama eee" na yote. Bendi ilipoingia studio, ubeti umeshakamilika na ni mzuri kweli, watu wakasema wimbo wameuharibu. Wao walishauzoea ule wa kwenye basi. Kiongozi wa bendi hakuwahi kujua waya ule ulitoka wapi. Hasara yake mpaka leo sijui ningeihesabu vipi kwa shilingi.

Sasa hoja yako. Unasema hujakopi CD ya mtu, na hapo uko sahihi zaidi ya unavyodhani, ila haikusaidii. Pale Majengo na Sabasaba watu wanaviita vyote "feki", lakini ni vitu vitatu. Yule anayechukua albamu iliyokwisha kutoka akaisambaza kwenye flashi anadurufu. Yule wa zamani aliyechapa hadi jalada lifanane na la halali, huyo ndiye wa feki. Wewe unauza kitu ambacho mwenyewe hajakitoa: shoo ya usiku mmoja ambayo isingebaki popote kama si simu yako. Hizo ndizo rekodi za magendo. Jina la Kiingereza la biashara hii lilitokana na watu waliokuwa wakificha chupa ya pombe ya magendo kwenye mguu wa buti, na mtu wa huku anayejua gongo inavyosafirishwa hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kiingilio kilikununulia nafasi ya kukaa, kusikiliza na kucheza hadi jasho likutoke. Hakikununua rekodi, kama vile nauli ya basi isivyonunua kiti. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, mwimbaji na mpigaji ndiye mwenye uamuzi wa kuruhusu au kukataza onesho lake kurekodiwa, kurushwa, kunakiliwa au kusambazwa. Ruhusa hiyo ni yake hata kama wimbo haukutungwa na yeye, na inaishi miaka 50. Miaka hiyo haikutoka hewani. Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, CD za shoo za miaka ya 60 ziliuzwa dukani mchana kweupe kwa sababu huko ulinzi wa mpigaji ulikuwa umeishia miaka 20. Mikataba iliyokuja na Shirika la Biashara Duniani ndiyo iliyoweka 50 kuwa kima cha chini kwa wanachama.

Ukijirekodia dakika mbili ukamwonyesha shemeji yangu nyumbani, hakuna atakayekusumbua; sheria yenyewe imeacha nafasi kwa matumizi binafsi. Ukiweka bei, umetoka kwenye nafasi hiyo. Kuna kesi ya madai, ambapo unaweza kuagizwa kulipa fidia na kukabidhi nakala na vifaa. Kuna jinai pia: faini, kifungo, au vyote viwili. Na kwa kuwa wewe unatumia kompyuta na simu, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo nayo inagusa hakimiliki, na inampa adhabu kubwa zaidi anayefanya biashara kuliko asiyefanya. Kwa hiyo yule kijana hakukutisha kwa maneno matupu. Zile stika za hakigramu za COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, zilizobandikwa kuonyesha nakala ni halali, na stempu za TRA zilizoanza 2013, zilikufa pamoja na CD, na wengi wakadhani sheria nayo imezikwa.

Lakini kijana wa bendi naye asijifanye mwenye mali peke yake. Chukua shoo moja tu inayochukua saa tatu. Bendi imepiga nyimbo zake tano, imekopi za Kikongo nne na za zamani za Kibongo sita. Hizo kumi za kukopi zina watunzi wao, au warithi wao, kwa sababu haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kama televisheni ilikuwa inarusha na wewe ukarekodi kutoka kwenye kioo, kituo nacho kina haki juu ya matangazo yake. Kwaya ndiyo usiseme: mtunzi ni mwalimu wa kwaya, ala zimepigwa na vijana wa kukodi, na usharika unaona yote ni mali ya kanisa. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha kwaya moja, saa nne nzima, kujadili DVD iliyouza nakala zisizofika 100. Usipime.

Wapo waliotafuta njia ya katikati. Bendi ya Grateful Dead ya Marekani ilichoka kuwafukuza mashabiki wenye mashine, na mwaka 1984 ikaanza kuwauzia tiketi za sehemu yao maalumu nyuma ya meza ya mitambo. Rekodi, badilishaneni, sharti hakuna kuuza. Mashabiki wenyewe wakawa askari. Mtu asiye na kanda ya kubadilishana alituma kaseti tupu na stempu za posta, akarekodiwa bure, na ukimwomba hela alikusema kwa wenzake hadi ukose wa kubadilishana naye. Naupenda mfano huu, ila usije ukausoma vibaya: pale bendi ndiyo iliyoruhusu. Wauza magendo wa Los Angeles mwaka 1969 hawakumwuliza mwimbaji na mtunzi Bob Dylan walipozitoa nyimbo zake ambazo kampuni yake ilikuwa haijazitoa, kwenye santuri ya jalada jeupe lisilo na jina. Biashara ile ilienea dunia nzima, na katika watu waliotajirika nayo mtunzi hakuwamo.

Turudi kwako. Ngoja nikuambie jambo ambalo wateja wako hawakuambii kwa heshima: unachowauzia ni kibaya. Maiki ya simu imetengenezwa kwa mazungumzo. Ngoma ya besi ikipiga, simu inajipunguzia sauti yenyewe kwa haraka, ikinyamaza inajipandishia, kwa hiyo mwimbaji anasikika kama mtu anayezama na kuibuka Bwawa la Mtera. Anayepiga kelele jirani yako ndiye anayekuwa mwimbaji kiongozi. Kisha unaituma kwa WhatsApp kwenda kwenye kompyuta ya kibandani, inabanwa. Unaigeuza MP3 ndogo ili flashi ya GB 4 ijae nyimbo nyingi, inabanwa tena. Zamani kaseti ikinakiliwa kutoka kwenye nakala ya nakala iliongeza mvumo kila hatua. Siku hizi mvumo hakuna, badala yake matoazi yanasikika kama maji yanayomwagwa kwenye karai.

Na usidhani dawa ni waya wangu wa kwenye miksa. Kwenye ukumbi mdogo gita na ngoma zinasikika zenyewe kutoka jukwaani, kwa hiyo fundi anapandisha sauti za waimbaji tu. Ukichukua kinachotoka kwenye miksa unapata waimbaji wakubwa kama mlima, ngoma inatokea mbali kama ya kijiji cha pili, na makofi hakuna. Rekodi nzuri ya laivu inachanganya vyote viwili: waya wa miksa, pamoja na maiki mbili zilizosimama katikati ya ukumbi, juu ya vichwa vya watu. Kazi hiyo haifanyiki chini ya kanga. Inafanyika mwenye bendi akijua.

Ndiyo maana ushauri wangu ni umfuate yule kijana, au kiongozi wake, kabla hajakufuata tena. Acha kuuza leo, futa zile shoo kwenye kompyuta ya kibandani, lakini weka nakala moja ya kila shoo pembeni, uende nayo. Mwambie: nimeuza kiasi hiki, mteja wangu anazitaka, tufanye pamoja. Viongozi wa bendi ninaowajua, wakishamaliza kugomba, huuliza swali moja tu: umeuza ngapi? Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Hawana kibanda Majengo. Wewe unacho.

Mkikubaliana, andikeni karatasi moja: tarehe na ukumbi, nyimbo zipi, zitauzwa kwa muda gani, bei, nani anahesabu, na mgao unalipwa lini. Nyimbo za kukopi ziacheni nje, vinginevyo mtakuwa mnatafuta ruhusa hadi Kinshasa. Mgao ni wenu. Mimi nisingekubali bendi ipate chini ya nusu, maana ukiuza nakala 60 kwa shilingi 2,000 ni 120,000, na watu kumi wamekesha jukwaani wakati wewe umesimama na simu. Na wekeni sharti hili, nalisisitiza kwa sababu ya "mama eee": bendi isikilize kwanza, na iwe na ruhusa ya kuukata wimbo wowote ambao haujaiva. Kisha bendi isajili kazi zake COSOTA, ambayo siku hizi ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Usiandikishe wewe kwa jina lako. Nimeona kibanda kimoja kikifanya hivyo na urafiki wa miaka ukaisha asubuhi moja.

Hukuuliza kuhusu ngoma, ila mtu wa Majengo lazima atakuwa nazo, maana kila tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, pale Chamwino simu zinaning'inia hewani kama popo. Akina mama wa muheme, ngoma imebanwa mapajani, hawana albamu wala meneja, kwa hiyo mtu anajiambia hizi ni za babu, hazina mwenyewe. Kwanza, wale waliopiga siku ile ni wapigaji kama wapigaji wengine. Pili, sheria ileile ya 1999 ina sehemu nzima ya sanaa za jadi, na anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa kuomba kibali, na anayesimamia hilo ni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri, atakuelekeza. Na usiudharau muziki huu: marehemu Hukwe Zawose, mpigaji wa zeze na ilimba (ile ala ya vidole gumba), aliutoa Ugogo akaufikisha kwenye lebo ya Real World ya Uingereza. Huko nje una soko, na ndiyo sababu ya yule jamaa wako wa dola.

Tufike kwake basi.

Kanda za mzee ni jambo lingine kabisa na shoo za simu yako. Miaka ya 80 bendi nyingi za nchi hii zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo ukapigwa redioni, ukapendwa, na dukani usipatikane. Baadhi walivuka hadi Nairobi kutafuta santuri. Bendi iliyokuwa inazunguka kanda ya kati ikapiga Dodoma Jumamosi, Manyoni Jumapili, ikavunjika mwaka uliofuata, inawezekana haijabaki popote isipokuwa kwenye kaseti ya mtu kama baba yako, aliyeweka redio yake mezani karibu na spika akaagiza bia. Huko New York mkutubi wa jumba la opera la Metropolitan, Lionel Mapleson, alifanya vivyo hivyo kwa silinda za nta mwanzoni mwa miaka ya 1900, kwa mapenzi yake tu. Sauti ya mwimbaji Jean de Reszke, aliyetikisa dunia enzi zake, tunaijua kutokana na mikwaruzo ya silinda zile na si kwingine. Kwa hiyo yule anayekuambia uzichome kwa kuwa ni za magendo, mwambie apite njia.

Ila kuzitunza na kuziuza ni mambo mawili. Plastiki na utepe ni urithi wako. Sauti iliyomo ndani si urithi wako, ni ya wale walioimba, na wengine wana wajane na watoto hapa hapa Makole na Chang'ombe. Shoo ya 1984 miaka yake 50 inakwisha mwishoni mwa 2034, na watunzi wana hesabu yao nyingine.

Sasa soma vizuri karatasi atakayokutumia huyo jamaa. Mara nyingi nimekuta sentensi mbili. Ya kwanza inasema unampa haki zote, dunia nzima, daima. Ya pili, iliyojificha chini, inasema unathibitisha kuwa wewe ndiye mwenye haki hizo, na kwamba akitokea mdai gharama ni zako. Ukisaini, umeuza mali ya watu kwa dola 400 na umebeba kesi yake juu. Akitoa santuri ikauzika Paris na London, mjane wa mpiga gita akimpata wakili, atakayetafutwa Nkuhungu ni wewe.

Wapo wanunuzi waungwana. Mpime kwa swali moja: wanamuziki utawalipa kiasi gani, na kabla au baada ya kutoa? Akijibu "tutawatafuta baadaye", funga mazungumzo. Akijibu kwa kiwango na akawa tayari kungoja, mfanye hivi. Kazi ya kutunza kanda, kuzihamisha na kuwatafuta wahusika ni jasho lako, na hiyo unaweza kuitoza. Dola 400 kwa kazi hiyo si nyingi wala si kidogo. Kanda usizitoe nje ya nyumba. Wanamuziki au warithi wao waingie mkataba naye wenyewe. Ukishindwa kuwapata, waulize CHAMUDATA, chama cha muziki wa dansi, na wazee waliokuwa walinzi na wahudumu wa kumbi. Hao hawasahau nani alikuwa anadaiwa bia.

Kabla ya yote, leo usiku, litoe sanduku karibu na dirisha au chini ya bati kama ndiko lilipo. Joto la Dodoma la Oktoba linapinda plastiki. Kila kanda ina vijimeno viwili kwenye ukingo wake wa nyuma, upande usioonyesha utepe. Vivunje. Kanda ambayo havipo haiwezi kurekodiwa juu yake kwa bahati mbaya. Ukikuta mahali pamezibwa kwa karatasi au selotepu, mzee aliwahi kurekodia tena, toa ile karatasi. Usiicheze kanda moja kwa moja: ingiza kalamu ya Bic kwenye kijigurudumu, izungushe polepole uone kama utepe umeshikana, na angalia kile kisponji kidogo kilicho katikati kama bado kipo. Hedi ya mashine, kile kichuma kinachosoma utepe, isafishwe kwa spiriti na pamba kabla ya kila kanda. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo. Fundi wa redio anayejua kazi ataigeuza kidogo sana huku anasikiliza, mpaka matoazi yafunguke, kwa sababu redio ya baba yako ilikuwa na mkao wake wa hedi na hiyo uliyoazima ina wake. Hamisha kwa WAV, faili lisilobanwa, si MP3, na weka nakala kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili.

Upande mmoja wa kanda ya dakika 60 ni dakika 30, kwa hiyo utakuta nyimbo zinakatika katikati, kisha mlio wa kugeuza, kisha zinaendelea. Usizikate hapo ili zipendeze. Mara nyingi ndipo mtu anasikika akiita jina la mpigaji au la ukumbi.

Halafu piga picha makasha yote, mbele na nyuma, hasa pale alipoandika mzee kwa mkono wake. Nitumie hizo kabla hujamjibu jamaa wa Ulaya. Baadhi ya majina yatakayokuwemo, nina hakika nimewahi kuwawekea maiki.